Kilichorudi Birmingham

Mwaka 2001 Justin Broadrick na G.C. Green walikuwa na kitu ambacho bendi yao, Godflesh, ilikuwa imeishi sehemu kubwa ya umri wake bila kuwa nacho: mtu wa kupiga dramu. Wala hakuwa mtu wa kubahatisha. Ted Parsons, Mmarekani aliyekwisha kupiga na Swans na Prong, ni fundi ambaye bendi yoyote ya muziki mzito ingemgombania. Kwa zaidi ya miaka kumi kazi hiyo walikuwa wameiachia zaidi mashine. Sasa nyuma yao kulikuwa na mikono, jasho na pumzi. Albamu waliyoitoa Oktoba mwaka ule, Hymns, ina nyimbo nzuri sana. Miezi sita baadaye Godflesh haikuwepo tena.

Sisemi kwamba Parsons aliiua bendi. Hata Broadrick mwenyewe hakumwona hivyo, kwa kuwa alikuja kufanya naye kazi tena. Ninalosema ni kwamba hasara kubwa huanza kabla ya siku tunayoikumbuka, na mara nyingi huingia nyumbani ikiwa imevaa nguo za maendeleo. Tunapewa kilicho bora, tunashukuru, tunakiweka kile cha zamani kando. Huja siku tunashindwa kusimama, na hatujui ni nguzo ipi iliyoondolewa.

Godflesh ilianza Birmingham mwaka 1988. Ilikuwa watu wawili na kisanduku. Broadrick aliimba na kupiga gitaa, Green akapiga besi, na nafasi ya tatu ikashikwa na mashine ya dramu, Alesis HR-16, kifaa chepesi chenye vitufe 16 vya kugonga kwa vidole, ambacho mtu aliweza kukibeba kwapani na kujitungia midundo chumbani. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Broadrick mwenyewe alikuwa mpiga dramu. Ndiyo kazi aliyoifanya kwenye bendi yao ya awali, Fall of Because, na tena kwenye bendi iliyoitwa Head of David. Kwa hiyo hakuichagua mashine kwa kutojua mwili unaweza nini. Aliichagua kwa kujua, kwa misuli yake mwenyewe, ni kitu gani mwili hauwezi: kupiga pigo la elfu moja kwa uzito uleule wa pigo la kwanza, bila kuchoka, bila kukasirika, bila kumhurumia anayesikiliza. Alikuwa amesikiliza sana hip hop ya New York pia, na alijua kwamba mdundo usiobadilika una nguvu yake.

Streetcleaner, albamu yao ya kwanza ndefu, ilitoka mwaka 1989 kwa lebo ya Earache ya Nottingham. Broadrick alikuwa na miaka 20. Ukiisikiliza leo, zima taa, tumia spika zenye besi ya kutosha, halafu fuata kitu kimoja tu: pengo lililopo kati ya pigo na pigo. Muziki wa metali wa wakati ule ulikuwa ukishindana kwa kasi. Broadrick alizijua mbio hizo, kwani gitaa lake lipo kwenye upande wa kwanza wa Scum, albamu ya Napalm Death ya mwaka 1987, kazi ambayo nyimbo zake nyingine hazifiki dakika. Kwenye Streetcleaner mbio zimekwisha. Pigo linatua, besi ya Green inakwaruza chini yake mithili ya chuma kikiburuzwa juu ya chuma, gitaa linalia, kisha unangoja. Unangoja kuliko unavyotaka kungoja. Pigo la pili likija linakukuta umekwisha kuinama.

Mji uliozaa sauti hiyo ulikuwa umezoea kupoteza. Kila anayeupenda muziki wa metali anakijua kisa cha Tony Iommi, kijana wa Birmingham aliyekatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia katika kiwanda cha mabati mwaka 1965, akiwa na miaka 17, siku ya mwisho kabla ya kuacha kazi. Alipiga gitaa kwa mkono wa kushoto, maana yake vidole vile ndivyo vilivyobana nyuzi. Aliyeyusha plastiki ya chupa akajitengenezea vifuniko vya vidole, akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Gitaa likashuka, likawa zito. Black Sabbath wakatoka hapo, na nyuma yao aina nzima ya muziki. Kisa hiki husimuliwa sana kama habari ya ushindi. Mimi nikikisoma huona kwanza vidole. Havikurudi. Uzito tunaousifu kwenye muziki huu, tangu mwanzo, ni njia ya kupita pembeni mwa kitu kilichokatika.

Upande wa kusini-magharibi wa mji huohuo kulikuwa na Longbridge, kiwanda cha magari kilichoanzishwa na Herbert Austin mwaka 1905. Kilitoa magari madogo ya Mini tangu mwaka 1959, na jirani yake, Solihull, ndiko zilikotoka Land Rover zilizopanda milima yetu na kubeba wagonjwa, mabwana shamba na magunia ya kahawa. Kizazi cha akina Broadrick kilikulia chini ya vivuli vya mabomba ya moshi wakati ambapo kazi zilikuwa zinapukutika. Wazazi walijua zamu ya usiku na zamu ya mchana. Watoto wakarithi makelele bila mshahara wake.

Basi bendi ikaendelea. Pure mwaka 1992, Selfless 1994. Mwaka 1996, kwa Songs of Love and Hate, walimwita Bryan Mantia awapigie dramu. Mwaka 1999, kwa Us and Them, wakaegemea tena mashine na midundo ya kompyuta. Ni albamu za watu wanaotafuta. Sioni ubaya wa kutafuta, na baadhi ya nyimbo za 1996 nazipenda kwa moyo wote. Ila ukizifuata kwa mpangilio unaanza kusikia mashaka: je, kile kisanduku kilikuwa upungufu wa vijana wasio na fedha, au kilikuwa mtu wa tatu wa bendi? Hymns ilijibu kwamba kilikuwa upungufu. Jibu lilikuwa la heshima, lenye ufundi, na nadhani halikuwa sahihi.

Kisha Green akaondoka. Alikuwa ndiye mwenzake Broadrick tangu siku za Fall of Because, tangu ujana wa katikati ya miaka ya 1980. Hapakuwa na vita hadharani. Mtu alimaliza sehemu yake akashika njia. Nafasi ikajazwa na Paul Raven, mpiga besi wa Killing Joke, bendi ambayo vijana wale walikuwa wameipenda kiasi kwamba jina la Fall of Because lilitokana na wimbo wake. Kwenye karatasi hakuna pengo: besi ipo, dramu zipo, ratiba ipo. Mwezi Aprili 2002 ziara ya Marekani Kaskazini ikafika mlangoni, na Broadrick hakuweza kutoka. Amesimulia mwenyewe hadharani kwamba alivunjika, akili na mwili vikagoma. Ziara ikafutwa na Godflesh ikatangazwa kuwa imekwisha.

Kwetu aliyefiwa hutandikiwa mkeka. Majirani hukaa naye matanga, jiko huwaka bila yeye kuuliza nani kaleta mkaa, na ikifika arobaini watu wanarudi kusoma hitima, ili asidhani wamesahau. Kufiwa kuna ngazi zake na kila ngazi ina watu wake. Lakini kuna misiba isiyo na mkeka. Rafiki wa kazi aliyeondoka bila ugomvi. Uwezo wa kutoka nje ya mlango, ambao jana ulikuwa nao. Kazi ya mikono yako uliyodhani utaifanya mpaka uzee. Hakuna anayekuja kukupa pole kwa haya, na wewe mwenyewe unaona haya kulia, kwa sababu hakuna maiti. Mtu wa namna hiyo huweza kuomboleza miaka kumi akidhani amechoka tu.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Broadrick aliufuata usemi huu bila kuujua. Mwaka 2003 alianzisha mradi mwingine, Jesu, jina alilolitoa kwenye wimbo wa mwisho wa Hymns, na Parsons akaja kupiga dramu huko. Muziki wa Jesu ni mpana na wa polepole, una gitaa zilizotandazwa na sauti ya mtu anayeimba badala ya kubweka. Wapo wanaoupenda kuliko Godflesh, nami nawaelewa. Uhunzi haukuisha. Ila usemi wetu unahusu koleo. Hautuambii chochote kuhusu siku mhunzi mwenyewe anapovunjika, na hilo ndilo lililokuwa limetokea. Koleo lilikuwa zima kabatini.

Miaka ikapita. Aprili 2005 Longbridge ikafungwa, miaka 100 kamili tangu ilipoanzishwa, na zaidi ya watu 6,000 wakakosa kazi. Kiwanda kilichokuwa kimeunguruma nyuma ya maisha ya mji mzima kikanyamaza, na bendi iliyokuwa imejifunza kuunguruma kutoka kwa mji huo ilikuwa imenyamaza kabla yake.

Mwaka 2010 Broadrick na Green walisimama tena pamoja jukwaani, kwenye tamasha la Hellfest huko Ufaransa, kisha nyumbani Birmingham kwenye Supersonic. Mwaka uliofuata, kwenye tamasha la Roadburn la Uholanzi, walipiga Streetcleaner yote tangu mwanzo hadi mwisho. Watu wawili na mashine. Hapa bendi nyingi huishia. Wanapiga nyimbo za zamani, umati unazijua, fedha inaingia, na kila mmoja anakubali kujifanya kwamba saa ilisimama. Godflesh walikaa miaka minne kwenye hatua hiyo bila kutoa kitu kipya. Siamini kwamba ulikuwa uvivu, kwani Broadrick ni mtu anayetoa kazi mfululizo chini ya majina mengi. Nadhani walikuwa wanauliza kama kuna mtu ndani ya nyumba ile au ni mwangwi.

Kati ya miaka hiyo kuna tendo moja dogo linalonigusa. Mwaka 2013 Hymns ilitolewa upya, na safari hii iliambatana na rekodi za majaribio, zile mbichi zilizotangulia kuingia studio. Mtu alirudi mahali kidonda kilipoanzia akaturuhusu tuone jinsi mambo yalivyokuwa kabla ya kuboreshwa. Kutoa upya rekodi ni ibada ya aina yake. Msanii KMRU, mzaliwa wa Nairobi, ambaye mwaka 2024 alitoa albamu pamoja na Kevin Martin, mshirika wa Broadrick wa miaka mingi, amekuwa akizirudisha hewani nyimbo za babu yake na somo wake, Joseph Kamaru, aliyefariki mwaka 2018. Mjukuu anaweza kuirudisha sauti ya babu kama ilivyokuwa, na hiyo ni heshima kubwa. Hawezi kumrudisha babu aimbe wimbo mpya. Broadrick na Green walikuwa hai wote wawili, kwa hiyo kwao swali hilo la pili lilikuwa bado wazi, na lilikuwa gumu zaidi.

Jibu lilikuja mwaka 2014. Kwanza nyimbo nne, Decline & Fall, mwezi Juni; kisha Oktoba, miaka 13 baada ya Hymns, albamu kamili ya nyimbo kumi, A World Lit Only by Fire, iliyotolewa na lebo ya Broadrick mwenyewe, Avalanche. Jina lake ni jina la kitabu cha William Manchester kuhusu Ulaya ya Zama za Kati, ulimwengu usio na mwanga mwingine ila wa moto. Gitaa sasa lina nyuzi nane, limeshuka mpaka linakaribia kukutana na besi. Hakuna mpiga dramu. Mashine imerudi mahali pake, na hakuna mahali popote kwenye albamu ambapo mtu anaeleza walikuwa wapi.

Wimbo wa kwanza, New Dark Ages, hauna salamu. Ukiwa uliwahi kuipenda Streetcleaner, pigo utalitambua papo hapo, na furaha itakupanda. Wachambuzi kadhaa waliridhika na furaha hiyo wakaandika kwamba Godflesh wamerudi walivyokuwa. Mimi nilipoizoea albamu hii niliona kinyume chake. Kilicho kilekile ni mashine peke yake, na kwa sababu haikubadilika ndiyo inayotuonyesha jinsi watu walivyobadilika. Ni kama alama ya kimo cha mtoto iliyochorwa ukutani: ukuta haujasogea, na ndiyo maana unajua. Bendi yenye dramu za binadamu huzeeka yote pamoja, pigo linalegea kadiri sauti inavyolegea, wala hakuna anayegutuka. Lakini mweke mtu wa miaka 45 mbele ya mdundo uleule aliousimamia akiwa na miaka 20, na kila kitu kinasikika. Ukali wa kijana wa mwaka 1989 ulikuwa wa mtu aliyebanwa kwenye kona anayepiga ukuta. Wa mwaka 2014 una upana. Sauti inatoka chini zaidi, inatumia maneno machache, na haiombi uiamini. Besi ya Green haisukumi. Imekaa, nzito, kama mtu aliyekwisha kuamua.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichopotea mwaka 2001. Mashine haikuwa imewapa nguvu tu, iliwapa kipimo. Ilikuwa kitu kimoja kisichoguswa na hali zao, ambacho wangeweza kukiegemea wakiwa wamevunjika bila kukivunja. Mpiga dramu hodari atakufuata. Ukiyumba atayumba nawe, kwa wema wake na usikivu wake, na hiyo ndiyo sifa yake kuu. Kwa mtu anayeanza kuzama, kufuatwa hakutoshi. Anahitaji kitu kisichosogea.

Wimbo wa mwisho unaitwa Forgive Our Fathers. Ni mrefu na mzito, na baada ya nyimbo tisa za kupigwa nyundo una majonzi ambayo Godflesh ya zamani isingeyaruhusu yaonekane. Siwezi kudai kwamba ni wimbo wa wazee wa Birmingham walioziacha afya zao kwenye mitambo, wakarudi nyumbani wamechoka hata kuzungumza, kisha mitambo ikaondolewa. Husikia hivyo mimi, labda kwa sababu najua watu wa namna hiyo kwenye miji yetu pia, wanaume waliobaki na kitambulisho cha kiwanda kwenye pochi muda mrefu baada ya geti kufungwa.

Walitoa Post Self mwaka 2017 na Purge mwaka 2023. Hiyo ya mwisho ilipotoka Broadrick alieleza kwamba amethibitishwa na wataalamu kuwa na usonji, pamoja na majeraha ya akili yatokanayo na mambo aliyopitia, na kwamba Godflesh kwake ni mahali pa kupata nafuu. Habari hiyo inaigeuza picha yote ya mwaka 2002. Wengi waliona mwanamuziki aliyewaangusha watu siku ya safari. Kumbe alikuwa mtu aliyeishi kwa miaka akivumilia umati, kelele za viwanja vya ndege, usiku bila utaratibu, na hakuwa na jina la kile alichokuwa anavumilia. Naona uchungu nikifikiri ni wangapi wamepoteza kazi walizozaliwa kuzifanya kwa sababu jina lilichelewa kufika, nao hawakuwa na mwenzao wa kuwangoja miaka minane.

Paul Raven hakumkuta mtu wa kumngoja. Alifariki Oktoba 2007 mjini Geneva, akiwa na miaka 46, Godflesh ikiwa bado imezikwa. Waasisi wanne wa Killing Joke walikutana kwenye mazishi yake, wakaamua kurudi pamoja, na albamu yao ya mwaka 2010, Absolute Dissent, ina wimbo wa kumkumbuka. Kwenye historia ya Godflesh jina lake hutajwa kwa sentensi moja, na hakuna albamu ya bendi hiyo yenye besi yake. Alikubali kusimama mahali pa Green wakati hapakuwa na heshima wala faida kubwa ya kusimama hapo, bendi ikiwa inayumba na kiongozi wake akiwa anaelekea kuanguka. Mahali hapo Green alikuja kuparudia, na tunashukuru. Kila ninapozungumza juu ya A World Lit Only by Fire na wenzangu wanaoupenda muziki huu, namtaja Raven pia, na huwaomba wasikilize alivyopiga besi kwenye Night Time, albamu ya Killing Joke ya mwaka 1985, kabla hatujaendelea na mengine.